Tochi Isiyoingia Ndani

Simu ya ofisi ililia Alhamisi, Arlene Sabol akiwa kwenye sinki anamenya viazi. Aliiacha ilie mara nne. Mara ya tano alijifuta mikono kwenye aproni akaipokea, kwa sababu Emil, mumewe, alikuwa sebuleni na angeuliza kwa nini haipokelewi.

"Arlene, mama, sikufukuzi," alisema msimamizi wake, msichana aliyekuwa mdogo hata kwa binti yake. "Lakini Bi. Kosko ana miaka tisini na moja. Wiki tatu hizi nampelekea mtu huyu leo, yule kesho, na kila siku ananipigia kwamba hawajui kumvisha soksi zake za kubana. Jumatatu ama uende, ama nimpe mlezi mwingine moja kwa moja."

"Jumatatu nitakwenda."

"Usafiri unao?"

"Miguu ninayo."

"Hiyo miguu ndiyo uliyoniambia wiki iliyopita."

Bi. Kosko peke yake alikuwa saa ishirini na nne kati ya saa thelathini na mbili alizofanya kwa wiki, na chini ya saa thelathini kampuni ya walezi wa wagonjwa haikumlipia mtu bima ya afya. Bima hiyo ndiyo iliyomtibu Emil. Hakuna aliyehitaji kulisema hilo kwenye simu.

"Ofisi?" Emil aliuliza kutoka sebuleni.

"Ofisi."

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimu."

Emil alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kwa muda ikasikika mashine ya oksijeni tu, iliyokuwa ikiguruma kando ya kochi lake kama friji kuukuu. Arlene alirudi kwenye viazi. Alimenya vingi kuliko walivyoweza kula wawili.

Kati ya nyumba yao na nyumba ya Bi. Kosko kulikuwa na mitaa sita. Aliitembea miaka minne bila kuihesabu. Sasa alikuwa akiihesabu hata kitandani. Wiki tatu zilizopita, akirudi kutoka kwa Bi. Kosko mchana mweupe, saa nane na dakika ishirini, mbele ya duka la samani lililofungwa kwenye kona ya Mtaa wa Sita, kijana mmoja alimsukuma ukutani, akamvuta mkoba, akaenda zake akitembea. Hakukimbia. Hilo ndilo lililomkaa Arlene kooni, kwamba yule kijana hakuona haja ya kukimbia. Tangu hapo alikuwa amejaribu mara mbili kwenda kazini. Mara ya kwanza alifika kanisani. Mara ya pili alifika kwenye sanduku la posta, ambalo liko kabla ya kanisa.

 

Deanna, binti yao, alikuja jioni hiyo hiyo na suluhisho lake tayari.

"Si bunduki, mama, usinikunjie uso. Kuna dada tunafanya naye kazi, Tonya Rader, anauza vifaa vya wanawake vya kujilinda, dawa za kupuliza, vya kupiga mtu shoti ya umeme. Haendi dukani, anakuja nyumbani kwa mtu. Unaita majirani, mnakunywa kahawa, anawaonyesha, watu wanaagiza. Kama zile shughuli za vyombo vya plastiki ulizokuwa ukienda na Phyllis."

"Vyombo vya plastiki havipigi mtu shoti."

"Vile vifuniko vyako vilikuwa vinakata vidole," alisema Emil.

"Baba, subiri. Mama, sikiliza. Mwenye nyumba akipata wageni wakaagiza vitu vya dola mia tatu, anachagua kimoja bure. Bure. Mimi kwangu hapatoshi, unajua. Nimeshamwambia Jumamosi saa nane."

Arlene alimtazama mumewe, kisha ule mpira mwembamba uliotoka puani mwake, ukapita begani, ukashuka kwenye zulia hadi kwenye mashine. "Na baba yako?"

"Baba atakaa jikoni. Saa moja tu. Mpira unafika."

"Nihamisheni tu kama kabati," alisema Emil. "Lakini mkinisogeza msinikwaruze miguu."

Walicheka wote watatu, na hakuna aliyelizungumza tena.

Jumamosi asubuhi, baada ya kupiga deki, Arlene alitoka barazani na kisu cha mezani. Mlangoni palikuwa na bango jekundu lililoletwa na watu wa mashine: OKSIJENI INATUMIKA. USIVUTE SIGARA. MOTO NA CHECHE NI MARUFUKU. Kila nyumba ya mgonjwa aliyoingia kikazi, jambo la kwanza lilikuwa kuangalia kama bango lipo. Mwaka uliopita alimfokea mjukuu wa mzee mmoja hadi kijana akalia, kwa kuwasha sigara kwenye korido. Alipenyeza kisu chini ya gundi, akalibandua taratibu lisichanike, akaliweka juu ya friji, maandishi yakitazama chini.

Deanna alikuwa anapanga vikombe. Aliona. Akaendelea kupanga vikombe.

 

Walikuja wanawake saba. Phyllis Yurick wa nyumba ya pili alileta mkate wake wa kuviringisha wenye njugu. Connie Matta alileta viazi vya kukaanga vya pakiti na mashine yake ya kumdhihaki kila mtu, yaani mdomo. Wengine walikuwa wa kanisani. Tonya Rader aliingia na sanduku la magurudumu, kama rubani, akatandaza kitambaa cheusi juu ya meza ya kahawa na kupanga vitu vyake kwa ukubwa.

Alikuwa muuzaji mzuri. Hakutisha watu. Aliwauliza nani ameshawahi kushika funguo katikati ya vidole akienda kwenye gari, na mikono yote ikainuka.

"Hii inafanana na rangi ya mdomo," alisema, akiinua kitu kidogo cha waridi. "Ndani yake kuna shoti."

"Nikiitoa hiyo, jamaa atangoja nimalize kujipamba," alisema Connie.

"Kwa ule uso wako atangoja sana, shoga," alisema Phyllis, na chumba kikacheka.

Arlene aliijaribu ile ya waridi ikiwa imezimwa. Kitufe chake kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, na vidole vyake, vyenye baridi yabisi tangu miaka ya kufua mashuka hospitalini, havikukiweza. Alikibonyeza mara tatu huku akitabasamu. Mara ya nne tabasamu liliisha.

"Polepole, mama," alisema Tonya, kwa ile sauti ambayo Arlene mwenyewe aliitumia kwa wagonjwa.

Dawa ya pilipili ya kupuliza aliikataa. Upepo wa mtoni ungemrudishia usoni. Kingine kilikuwa cha kuvaa kidoleni kama pete, lakini hakikupita kwenye kifundo. Hatimaye Tonya alimpa ile ndefu, nyeusi, yenye urefu wa mkono wa mtoto hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa tochi mbele na rungu nyuma. Ilikuwa na king'ora, wembe wa kukatia mkanda wa gari, ncha ya kuvunjia kioo, na pande zote za kichwa vipande vya chuma vya kutolea shoti. Swichi yake ilikuwa ya kusukuma kwa dole gumba, pana, yenye mikwaruzo ya kushikia.

Dole gumba la Arlene likaisukuma bila shida. Taa ikawaka ukutani, juu ya picha ya harusi ya Deanna.

"Ehe," alisema, kama mtu aliyepata kiatu chake.

"Ina kamba hii ya kuvaa mkononi," Tonya alieleza. "Mwisho wa kamba kuna kipini cha kuchomeka hapa, bila hicho shoti haitoki. Mtu akikunyang'anya, kipini kinachomoka, kinabaki kwako, na yeye anabaki na kipande cha plastiki. Haiwezi kukugeukia."

"Laiti na waume wangekuwa nacho hicho kipini," alisema Connie.

Jikoni, Emil alisikia kicheko. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kwa dakika arobaini na mgongo ulikuwa unamuuma. Alisoma maandishi yote ya pakiti ya nafaka. Kisha akasikia sauti nyingine, kavu, ya haraka, kama karatasi inayochanwa na mtu mwenye hasira, na wanawake wakapiga yowe na kucheka tena. Emil alichomelea vyuma kiwandani miaka thelathini. Alijua ni sauti gani.

Alitumaini kwamba cheche zile ziko mbali na kochi. Akajiambia Arlene anajua.

Sebuleni, Tonya alikuwa amemaliza kuonyesha cheche za buluu karibu na dirisha. "Sasa mwenye nyumba. Njoo usimame hapa. Kochi hili ndilo jamaa. Usimwonee huruma. Mguse begani, usukume swichi hadi mwisho."

Lilikuwa kochi la Emil. Blanketi alilojifunika mchana na usiku lilikuwa limetupwa juu ya mgongo wake, na nyuma yake, chini ya kitambaa cha meza ambacho Deanna alikitandaza ili isiharibu sura ya chumba, mashine iliguruma. Kitambaa cha kochi na sifongo lake vilikuwa vimeinywa ile hewa miezi kumi na minne. Arlene aliwafundisha walezi wapya jambo hilo hilo, kwamba nguo na matandiko hushika oksijeni na huwaka kama nyasi kavu. Alisimama na rungu mkononi. Wanawake saba walikuwa wanamtazama. Alimwona yule kijana akienda bila kukimbia, na dole gumba likaenda kwenye swichi.

"Arlene. Usisukume."

Emil alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameuvua mpira puani na kuushika mbali na mwili, nyuma yake, kama mtu anayemzuia mbwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Deanna, aliyekwenda kuizima mashine.

"Huyo anatumia oksijeni?" Tonya aliuliza. "Humu ndani? Nimepita mlangoni sikuona bango."

"Lilikuwepo jana," alisema Phyllis. Alisema kwa upole, kwa sababu ilikuwa kweli, na baadaye alijilaumu kwa miezi.

Tonya alichukua rungu mkononi mwa Arlene kama unavyochukua mkasi kwa mtoto. Alifunga sanduku lake haraka, akisema kwamba kampuni yao ina masharti, kwamba angeweza kushtakiwa, kwamba hakuna ubaya. Wanawake wakatafuta makoti. Connie alikuwa wa kwanza kutoka. Phyllis aliagiza dawa moja ya pilipili ambayo hakuihitaji, na mwanamke mmoja wa kanisani akaagiza filimbi. Hiyo haikufika hata dola hamsini. Sahani ya mkate wa njugu ilibaki mezani, vipande vinne tu vikiwa vimeliwa.

 

"Ulilibandua kwa mkono wako," alisema Emil. Mashine ilikuwa imewashwa tena na rangi imemrudia. Deanna alikuwa ameondoka akilia, akisema ni kosa lake.

"Kwa mkono wangu."

"Na sheria unaijua kuliko mimi."

"Naijua."

"Basi ungeniambia. Ningekwenda kwa Phyllis na ule mtungi mdogo wa oksijeni. Ningekaa hata kwenye theluji."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza ndiyo."

Arlene alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Emil, tangu siku ile sijaogopa kitu kingine. Sijaogopa moto. Sikukuogopea wewe hata. Nilikuwa nimesimama pale najua kila kitu, na nilikuwa namwogopa yeye tu. Hayumo humu ndani, na namwogopa yeye tu."

Emil alivuta hewa mara kadhaa. Kusema maneno marefu kulimgharimu, kwa hiyo aliyachagua.

"Ile ndefu," alisema. "Ndiyo kidole chako kiliiweza?"

"Ulionaje?"

"Nilichungulia. Jikoni hamna la kufanya." Akaelekeza kidole kabatini. "Kwenye kopo la kahawa kuna pesa. Za leseni ya kuvua na buti."

"Hizo ni zako za majira ya kuchipua."

"Arlene. Nitavua wapi?"

Hakuwa amewahi kulitamka hilo. Arlene alikwenda kabatini ili asimwone usoni. Zilikuwamo dola themanini, zimekunjwa kwenye leseni ya mwaka juzi. Rungu lilikuwa dola sitini na nane.

"Lakini humu haliingii," alisema Emil. "Hata likiwa limezimwa. Hata kwa dakika moja."

 

Rungu lilikaa barazani, ndani ya sanduku la bati ambalo muuza maziwa wa zamani alikuwa akiachia chupa. Jumapili alasiri Deanna alilileta na kuliweka humo bila kuvuka kizingiti. Bango jekundu lilikuwa limerudi mlangoni, safari hii kwa gundi na misumari minne. Kulichaji ingekuwa kwa Phyllis, mara moja kwa wiki.

Arlene alisimama nje na koti lake, Emil ndani ya dirisha lililofungwa, akimsomea karatasi ya maelekezo kwa sauti iliyopita kwenye kioo kama ya mtu aliye chini ya maji.

"Vaa kamba kwanza. Ingiza kipini."

"Nimeingiza."

"Usiitumie ukiwa umelowa."

"Nikishambuliwa mvua ikinyesha?"

Emil aligeuza karatasi, akaangalia nyuma. "Hawajaandika."

"Na nikiwa nimetoka jasho?"

"Usitoke jasho." Akaendelea. "Usiielekeze kichwani, wala moyoni, wala kwa mjamzito."

"Nitamuuliza kwanza."

Alicheka hadi akashika kioo kwa kiganja. Phyllis aliyekuwa akipita na mbwa wake aliwaona, mmoja nje, mmoja ndani, wanacheka, akapiga kona asiwasumbue.

Kulikuwa na nyumba nyingine ambayo rungu halikuruhusiwa, nayo ilikuwa ya Bi. Kosko. Kampuni ya walezi ilikataza silaha ya aina yoyote ndani ya nyumba ya mgonjwa, na Arlene alikuwa ametia saini. Hilo hakumwambia Emil. Likawa ni kitu cha mitaa sita tu, cha kutoka baraza hadi baraza.

 

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alifungua sanduku, akavaa kamba, akaingiza rungu kwenye mfuko wa koti na mkono wake juu yake. Emil alikuwa dirishani na mpira wake puani. Arlene hakugeuka, kwa kuogopa kwamba akigeuka atarudi.

Alipita sanduku la posta. Alipita kanisa. Theluji chafu ilikuwa inayeyuka kando ya njia na miguu yake ililowa, na alifikiria ile karatasi. Kwenye Mtaa wa Sita, chini ya paa la mbele la duka la samani, palikuwa na mwanamume anavuta sigara. Hakuwa yule. Au alikuwa yule. Uso wa yule haukuwa umemkaa, ni mwendo tu uliomkaa, na huyu alikuwa amesimama. Dole gumba lilikuwa kwenye swichi. Mwanamume akasema habari za asubuhi. Arlene akasema nzuri, kwa sauti ambayo hakuitambua, na alipofika ng'ambo ya barabara alikuwa bado anasema nzuri, nzuri.

Kwenye ngazi za Bi. Kosko palikuwa na chungu kikubwa cha maua kilichopinduliwa tangu majira ya baridi. Alikiinua, akaliweka rungu chini yake, akakirudisha. Aliingia, akapiga simu nyumbani, akaiacha ilie mara mbili na kukata. Ndivyo walivyoambiana tangu ujana, simu ilipokuwa ghali: mara mbili, nimefika.

"Umechelewa wiki tatu," alisema Bi. Kosko kutoka kitandani.

"Njia ilikuwa mbaya, mama."

"Soksi zangu zimevaliwa na wendawazimu. Tazama mguu huu. Mmoja wao alinivisha nje ndani."

Arlene alipiga magoti, akaikunja soksi hadi kisiginoni kama ilivyotakiwa, akaivuta taratibu bila mkunjo. Mikono yake ilitulia. Kazi hiyo ilikuwa imeisubiri hiyo mikono, na kwa saa sita hakuhesabu mtaa wowote.

Saa nane alitoka. Chungu kilikuwa kimelala ubavu.

Alikisimamisha, akakilaza tena. Alitazama chini ya ngazi, nyuma ya pipa la taka, kwenye vichaka vilivyokauka. Kipini kilikuwa pamoja na kamba, na kamba ilikuwa pamoja na rungu, kwa sababu aliviacha vyote pamoja, akiwa na haraka ya kuwahi soksi. Aliyelichukua alichukua kitu kizima, kinachofanya kazi.

Bi. Kosko aligonga kioo. "Umepoteza nini?"

"Hakuna, mama. Glavu."

Angeweza kumpigia Deanna, ambaye angeacha kazi na kuja kulia tena. Angeweza kumpigia msimamizi na kusema hawezi. Alifikiria kopo la kahawa, na ile karatasi ya leseni ambayo sasa ilifunga dola kumi na mbili tu. Kisha akaingiza mikono yote miwili mifukoni, akakunja ngumi ndani yake ili koti lifure kama lina kitu, akaanza kutembea. Mtaa wa Sita alipita katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Alipita kanisa. Kwenye sanduku la posta aligundua kwamba hakuwa ametazama nyuma hata mara moja, si kwa ushujaa, ila shingo ilikuwa imekakamaa.

Emil alikuwa dirishani. Alikuwa ameinuka kwenye kochi, amesimama.

Arlene alipanda baraza, akafungua kifuniko cha bati, akaingiza mkono mtupu ndani, akautoa, akafunga. Alijipangusa viatu kwa muda mrefu.

"Uliitumia?" Emil aliuliza, hata kabla mlango haujafungwa.

"Hapana."

"Lakini ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Emil akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilikuwa nasema moyoni," alisema, "mimi siwezi kumsindikiza mke wangu hata hadi kwenye sanduku la posta. Angalau ina taa."

"Ina taa nzuri," alisema Arlene.

Alikwenda zamu zote za wiki hiyo, na za wiki iliyofuata. Jumapili alichukua mfuko wa karatasi usio na kitu akaupeleka kwa Phyllis, akakaa naye jikoni saa nzima wakinywa kahawa, akarudi nao umekunjwa mkononi. "Chaji imejaa?" Emil aliuliza. "Imejaa," alijibu. Na kila asubuhi ya zamu, saa moja na nusu, mvua au jua, aliinama barazani, akafungua sanduku la bati, akatia mkono, akahesabu hadi tatu, muda wa kuvaa kamba na kuingiza kipini. Kisha akaufunga mfuko wa koti vizuri, akigeuka kidogo ili anayetazama dirishani aone.